Dira ya Mjerumani Uani kwa Bibi

Baba Mdogo hajawahi kuamini kwamba Mjerumani aliondoka na mali yake. Kwake yeye, Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kuna sanduku la rupia lilifukiwa, na anayejua lilipo ama amekufa ama anasubiri dau lipande. Kwa imani hiyo amenunua ramani zilizounguzwa pembeni kwa kiberiti ili zionekane za kale, amelala gesti za Tabora, amechangia mafuta ya magari ya watu asiowajua. Kilichobaki kilikuwa ua wa mama yake, yaani Bibi yetu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita na korido, imebanwa na maghorofa mpaka kanga haikauki ila saa sita mchana, jua likiwa utosini. Madalali hawaishi kuulizia. Bibi huwajibu kwamba hapa panauzwa maandazi tu, na yameisha.

Kwa haki, uvumi wa rupia haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na fedha zimekauka, Wajerumani walijitengenezea sarafu katika karakana ya reli Tabora: rupia 15 za dhahabu, tembo upande mmoja na milima nyuma yake, herufi T ya Tabora, dhahabu ikitoka Sekenke. Zilitoka elfu 16 na kitu. Zipo, na wakusanyaji wa sarafu wanazigombania mpaka leo. Ila kutoka hapo mpaka sanduku zima chini ya bafu la Bibi, hesabu hiyo anaiweza Baba Mdogo peke yake.

Basi akaja kijana mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Geita, na ditekta ya madini begani, ya kukodi kwa siku. Iache ditekta iitwe ditekta porini. Kariakoo ni balaa. Ardhi ya hapa imelishwa chuma kwa miaka zaidi ya 100. Mashine ilianza kulia mlangoni na haikunyamaza: vizibo vya soda, misumari, waya, bati, betri, ufunguo wa chumba ambacho mpangaji wake alihama zamani bila kulipa kodi. Shangazi alipata kijiko chake cha upawa, akamtazama kila mpangaji usoni, mmoja mmoja. Bibi akasema kama kazi ni kumwokotea vijiko, waendelee.

Mlio mzito ulikuja karibu na ukuta wa bafu. Walichimba kwa sururu, kisha beleshi, na kwenye kina cha kiuno kikatoka kidude cha shaba cha ukubwa wa ngumi, kimechongoka juu, bapa chini, kizito kuliko umbo lake. Kilikuwa na pete mbili kiunoni, na pete moja ilizungukwa na vistari na namba, kutoka 0 mpaka 22.

“Dira,” alisema Baba Mdogo, na sauti yake ilikauka.

Kijana wa Geita, ambaye alilipwa kwa siku na hakuwa na haraka, alikubali kwamba ni dira, na kwamba namba zile ni hatua. Hatua 22 kutoka ukuta wa bafu zinapita chumba cha mpangaji wa nyuma, chini ya kitanda chake, zinatoboa ukuta na kuishia katika duka la jirani la vyombo vya plastiki. Baba Mdogo alizihesabu zote. Mlinzi wa duka alimkuta akiwa amesimama kati ya ndoo na mabeseni, macho sakafuni, akamuuliza kama anatafuta beseni la saizi gani.

Wakati huo Bibi alikuwa amekichukua kidude. Bibi hawezi kuona shaba chafu. Alikisugua kwa ukwaju na majivu kama anavyosugua sinia zake za Idi, akakiloweka kwenye maji ya moto, akakifuta, akakiweka ndani ya kabati la vyombo, kati ya birika na vikombe vya kahawa. Kiling'aa kweli. Shimo likaachwa wazi kwenye njia ya chooni, na kwa kuwa wapangaji wana haja zao, Baba Mdogo akatoa ubao mpana uliokuwa umeegemea stoo miaka nenda rudi, akautandika juu kuwa daraja.

Mimi nilipiga picha, nikamtumia mzee mmoja mstaafu ninayemheshimu, aliyetumikia mambo ya kale maisha yake yote. Hakujibu kwa ujumbe. Alipiga simu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Kipo wapi hicho?”

“Kabatini.”

“Tokeni nje wote. Mwiteni polisi, na asikiguse mtu.”

Mji huu haufundishwi maana ya maneno hayo. Aliyesikia Mbagala ya Aprili 2009, na Gongo la Mboto ya Februari 2011, maghala ya mabomu yakilipuka na watu wakikimbia na watoto wasio wao, haulizi mara mbili. Nyumba ilimwagika barabarani na magodoro. Bibi peke yake aligoma: hatoki bila vikombe vyake. Shangazi alimkumbusha kwamba bomu hilo alilichemsha mwenyewe, na hapo Bibi alikaa kidogo, akaomba kiti.

Wataalamu wa mabomu walikuja, wakakikagua, wakatuonyesha sehemu ya chini: tupu, imeoza, hakuna kitu. Jioni mzee akafika, na ndipo tulipoambiwa tumeishi na nini. Ilikuwa fyuzi ya kombora la mzinga. Mshale mdogo wa mistari mitatu uliochorwa ubavuni ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kando yake, hafifu, kulikuwa na No. 80. Pete mbili zile zilijazwa baruti. Mpiga mzinga aliizungusha ya chini mpaka namba aliyoagizwa; mzinga ukilia, baruti inawaka ikizunguka ndani ya pete kama dawa ya mbu, na ikifika kwenye tundu kombora linapasuka likiwa bado hewani, linawamwagia watu gololi za risasi vichwani. Namba zile zilikuwa muda wa kifo cha mtu.

“Ni orijino?” Baba Mdogo aliuliza.

“Orijino kabisa.”

“Inakwenda bei gani?”

Mzee alisema zilitengenezwa kwa mamilioni. Kisha aliuliza maswali yake: ilikuwa kina gani, udongo wa rangi gani, kando yake kulikuwa na nini? Hakuna aliyejua, maana kila kitu kilikuwa kwenye rundo moja la kifusi. Na zile herufi nyingine, za kiwanda na mwaka? Tukamtazama Bibi. Bibi akatazama ukwaju.

“Kwa hiyo hata si ya Mjerumani,” alisema Baba Mdogo kwa unyonge.

Mzee, kwa huruma ambayo angeijutia, alimweleza kwamba ubunifu wake ulikuwa wa Krupp, kampuni ya Ujerumani. Vickers ya Uingereza ilipewa haki ya kuitengeneza kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na vita vilipokwisha Krupp iliidai Vickers malipo yake. Baba Mdogo aliinua kichwa. Neno “Ujerumani” lilimtosha.

Bibi aliuliza jambo moja tu: vitu kama hivi vilisafirije enzi hizo, mvua za Rufiji na matope yale? Vichwani, alisema mzee. Wanyama walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo walibebeshwa watu, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Na ukumbi wa soko ambao Wajerumani walikuwa wameujenga jirani na hapa ndio Waingereza walioufanya kambi ya wapagazi hao. Bibi aliichukua fyuzi, akairudisha kabatini, safari hii rafu ya juu, peke yake.

Kuhusu sheria, mzee alitutoa hofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hiki ni kijana mno. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni suala jingine, na hapo alimkazia macho Baba Mdogo. Kisha akaomba kwenda msalani.

Hakufika. Tulimkuta amepiga magoti kwenye njia ya chooni, anapangusa tope kwenye daraja letu kwa leso yake. Chini ya tope kulikuwa na maua, mnyororo, na misumari mikubwa ya shaba.

“Mlango huu ni wa lini, Bibi?”

“Nilipoolewa niliukuta. Baba mkwe alisema ni wa kabla ya vita ya Hitila.”

Mzee alieleza taratibu kwamba sheria ile ile inalinda mlango wa mbao uliochongwa nchini kabla ya 1940, na kwamba hauuzwi wala hautoki nchini bila leseni. Wapangaji walisaidia kuusimamisha kwenye ukuta wa korido. Shimo likafunikwa kwa bati, ambalo hulia mtu akienda chooni usiku, na nyumba nzima hujua ni nani.

Kijana wa Geita alikuja kesho yake kuchukua chake. Alipopita koridoni, ditekta ilipiga kelele mbele ya mlango.

“Misumari hiyo,” nilisema.

“Subiri,” alisema Baba Mdogo, naye alikuwa tayari ameshika bisibisi. Bibi alitoka jikoni na mwiko.