Mbuzi wa Jirani

Shilingi 15,000 nilizompa muuza maua wa kando ya barabara pale Kimara, nyumbani nilizitaja kuwa 7,000. Hata hivyo mke wangu alishika kiuno. “Yaani umenunua majani?”

Majani, ndiyo, lakini ya zambarau, yenye mashuke laini yanayoinama kama mkia wa paka aliyeshiba. Nilikuwa nimeyaona mbele ya hoteli moja, yamepangwa safu, upepo ukipita yanalala na kuinuka. Nikasema na kwangu yawepo.

Nikayapanda chini ya mwembe jua lisiyaunguze. Asubuhi ndoo moja, jioni ndoo moja, huku jirani, ambaye wiki ile mgao wa maji ulikuwa haujamfikia, akinitazama kwa juu ya ukuta bila hata kusalimia. Wiki ya tatu ncha zikawa rangi ya bahasha ya kaki. Nikampigia muuza maua. “Ongeza maji, bosi.” Nikaongeza, yakazidi kunyauka. “Basi tia mbolea, bosi.” Nikatia karai zima la samadi ya ng’ombe, mbichi, ya jana yake. Siku nne baadaye kichaka kililala chali kama mlevi, na katikati pakatokea upara wa ukubwa wa sahani.

Hapo ndipo nikakaa na simu nikasoma, jambo ambalo mwenye akili hulifanya kabla ya kutoa hela. Kumbe jamaa wa kijani wa majani yangu ni wenyeji wa Afrika, hii Mashariki yetu ikiwemo, huota penye mawe na ukame bila mtu wa kuwapelekea ndoo. Walipopelekwa Hawaii kama mapambo, walitoroka bustanini wakatapakaa hadi kwenye mawe ya volkano, na leo huko wanahesabiwa magugu hatari, maana wakikauka hulisha moto. Wenzangu wanatoka jasho kuyang’oa, mimi natoka jasho yasife! Dawa yenyewe fupi: jua kali, udongo usiotuamisha maji, njaa kidogo, na kuyafyeka yabaki sentimita 10 au 15 hivi.

Nikakihamishia kichaka juani, karibu na geti. Ila kukifyeka mkono ulikataa. Kitu cha 15,000 utakipigaje fyekeo?

Jumamosi moja geti likaachwa wazi. Nilimkuta mbuzi wa jirani ameshamaliza, shuke la mwisho linaning’inia mdomoni kama sigara, macho kayafumba nusu. Alikuwa ameyakata yote usawa mmoja, kuzunguka shina zima, kinyozi hafui dafu. Na kabla ya kuondoka akaacha mbolea yake, kiganja kimoja tu, kavu.

Nilikwenda kwa jirani nimefura. Maneno yakawa mengi, kesi ikafika kwa mjumbe. Mjumbe akauliza hasara ni kiasi gani. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikakohoa, nikaitaja bei ya kweli.

Jirani alilipa kwa noti za elfu mbilimbili na moja ya elfu, akihesabu polepole. Hela aliipokea mke wangu, na sijaiona tena. Mbuzi naye akafungwa kamba.

Wiki mbili hazijaisha, machipukizi yakatoka ya zambarau iliyokolea, membamba kama sindano za kushonea magunia. Mashuke yakafuata. Jirani akipita getini hupunguza mwendo, akayatazama, akaenda zake. Hajanidai kitu, ila hesabu anaijua.

Sasa kichaka kimenenepa mno na upara unanyemelea tena. Fyekeo nimelinoa, lakini kazi ya fundi nimeshaiona. Jana jioni nikapiga hodi kwa jirani. Akanikaribisha bila kuinuka kwenye kiti. Nikaulizia familia, kazi, watoto, na joto la siku hizi.

“Na mbuzi,” nikasema, “hajambo?”