Kilo Imebadilishwa, Ngara Hatuna Habari

Mafuta ya taa yakipanda shilingi hamsini, redio inatangaza tangu alfajiri. Lakini tarehe 20 Mei 2019 dunia nzima ilibadilisha kilo, kilo hii hii ya maharage, na huku Ngara hakuna aliyepiga hata mbiu. Nimekuja kuambiwa juzijuzi na mpwa wangu wa kidato cha nne, tena kwa ile sauti yao ya kumhurumia mtu aliyesoma enzi za sayari tisa. Pluto waliiondoa kwenye orodha mwaka 2006, nikanyamaza. Sikuwa nimepanda kitu kule. Kilo je? Kilo ndiyo inayonilipia ada ya huyo mpwa!

Kumbe tangu mwaka 1889 kilo ilikuwa kitu cha kushika, kipande cha platinamu na iridiamu chenye kimo cha milimita 39 na upana huo huo. Kilitunzwa Sèvres, jirani na Paris, kimefunikwa vioo vitatu, kimoja juu ya kingine, ndani ya chumba kinachofunguliwa kwa funguo tatu. Mimi maharage yangu yanalindwa na mbwa, naye analala saa mbili.

Kipande hicho kilikuwa na nakala zake nchi mbalimbali. Baada ya miaka mia hivi wakaja kuvipima pamoja, wakakuta havilingani tena, vimepishana kwa kama maikrogramu 50. Ukigawa punje moja ya sukari mara kumi, kila kipande ni kama hicho. Wanafizikia wakakosa usingizi. Ubaya ni kwamba kile cha Sèvres hakikuwa na uwezo wa kukosea. Kilo ni chenyewe, basi. Kikipungua, kisheria hakijapungua. Ni ulimwengu wote ulioongezeka, pamoja na mkaa, ng'ombe na mama mkwe, na hakuna aliyekula kitu.

Kwa hiyo tarehe 16 Novemba 2018 wakakutana Versailles, nchi zikapiga kura, chuma kikastaafishwa. Sasa kilo imefungwa kwenye namba, inaitwa konstanti ya Planck, ya yule Mjerumani Max Planck. Wana mizani inaitwa ya Kibble: upande wa pili haliwekwi jiwe, wanaweka nguvu ya umeme. Mpwa wangu anasema namba haipati kutu, haiibiwi na haipungui. Mkutano wote huo, na nauli za ndege, kwa ajili ya maikrogramu 50!

Njoo sasa uone kilo yetu. Mnunuzi anakuja na mizani yake ya springi, anaitundika kwenye mti. Gunia langu ni la salfeti, tupu halifiki hata robo kilo, lakini analikata kilo mbili. "Ya gunia, mzee." Mshale ukisimama kwenye tisini na saba na nusu, anasoma tisini na saba. "Pointi hatuhesabu, mzee." Kijana wake anashikilia gunia lisiyumbe, analishikilia kwa upendo mno, kwa chini, mkono ukilibeba kidogo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa ni marufuku. Hapo hatuzungumzii lumbesa, tunazungumzia huruma ya yule kijana.

Usidhani kuhamia Biharamulo ni nafuu. Shemeji yangu wa Nyakanazi anauza mahindi kwa sado, na kuna sado zilizotanuliwa kwa moto hadi zimetoka kitambi. Hazina mshale wa kubishana nao.

Halafu mpwa akaniongezea chumvi kwenye kidonda. Eti karibu na ikweta, na juu ya vilima kama vyetu, dunia inavuta vitu kwa nguvu ndogo kidogo. Mizani ya springi iliyorekebishwa Paris, ukiitundika Ngara bila kuirekebisha upya, itakupunja zaidi ya gramu 300 kwa gunia la kilo 100. Yaani hata dunia yenyewe iko upande wa mnunuzi.

Nikaona nisikubali kirahisi. Nikamwomba mpwa aniandikie hiyo kilo mpya kwenye karatasi ya daftari, kwa kirefu. Akaandika sifuri, nukta, kisha sifuri 33, ndipo zikaja 662607015. Karatasi ilibidi ilazwe. Siku ya mauzo nikamkabidhi mnunuzi, nikamwambia hii ndiyo kilo halali, imepigiwa kura Ufaransa, hata wewe huwezi kuichezea.

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata sifuri, midomo ikihesabu. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mzee wangu, hizi zote ni pointi."

Na gunia likasomwa tisini na tano.