Adabu za Bodaboda

Katika miji ya Tanzania, madereva wa bodaboda, yaani pikipiki zibebazo abiria kwa nauli, wamejiwekea kanuni za adabu ambazo hazimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini hutiiwa kwa uaminifu ambao sheria hiyo imebaki kuutamani tu. Kuu kati yake ni salamu ya taa, ambapo dereva humwashia taa mchana kweupe mwenzake asiyemjua hata jina, ili kumjulisha kwamba mbele kuna askari wa trafiki; naye mwenzake, akiwa amepiga mshikaki, yaani amepakia abiria wawili au zaidi waliobanana nyuma yake, humteremsha mmoja atembee hadi awapite askari, kisha huvaa kofia ngumu iliyokuwa ikining'inia kwenye kiwiko, mahali ambapo, kwa kadiri ijulikanavyo, hapana ubongo.

Gari likimgusa mmoja wao, kijiwe kizima, yaani kituo chao cha kungojea abiria, hufika kabla ya askari, na hukumu huwa imeshatoka wakati dereva wa gari bado anafungua mkanda. Anayeishiwa mafuta naye hasukumi pikipiki peke yake, kwa kuwa mwenzake huegemeza mguu kwenye pedeli ya nyuma ya pikipiki iliyozimika na kuisukuma hivyo hadi kituo cha mafuta, bila malipo, ukarimu ambao haujawahi kumfikia abiria anayedai chenji yake ya shilingi 500.