Sifa za Mwizi wa Gurudumu la Nyuma

Wamesifiwa wafalme, wamesifiwa mashujaa, wamesifiwa hata ngamia na majahazi. Lakini katika diwani na insha nilizojaaliwa kuzisoma sikuona mahali alipotajwa kwa wema mtu yule ambaye, mwenye baiskeli akiwa yumo sokoni au msikitini, hupiga goti kando ya chombo cha mwenziwe, akafungua gurudumu la nyuma peke yake, akaenda zake bila ya kuaga. Dhuluma hii imedumu mno, nami mkazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika nimeona ni faradhi kwangu kumwandikia haki yake.

Kwanza itazamwe busara ya uchaguzi wake. Gurudumu la mbele la baiskeli ya gia ni jambo jepesi, rimu na spoki na habu na mpira, basi. Mwizi mvivu angeridhika nalo. La nyuma ndilo lililobeba friwili na safu zake za meno, ndilo lenye uchafu wa mafuta, ndilo ambalo spoki zake za kulia hukazwa kuliko za kushoto, ili rimu ikae katikati ya fremu ijapokuwa meno yamekwisha kula nafasi ya upande mmoja. Aliyelichagua hilo ni mjuzi wa thamani ya vitu, hali mwenye mali aghalabu hajapata hata kulitazama, kwa kuwa siku zote lilikuwa nyuma yake.

Tena hana kelele. Baiskeli nyingi za milimani ziletwazo za mtumba zina mkono mdogo ubavuni mwa ekseli, wa kulifungua gurudumu bila ya spana, na sifa ya kuubuni hupewa Mwitalia Tullio Campagnolo, mshindani wa mbio za baiskeli, ili gurudumu litoke upesi katikati ya mashindano. Huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, upesi huo ndio umefikishwa kwenye ukamilifu wake.

Wala asidhani mtu kuwa amali hii haina nasaba. Ujiji ni mji mkongwe katika ilmu ya mali kuhama mwenyewe akiwa ghaibu. Daktari Livingstone aliporejea hapo mwaka 1871, mgonjwa na hoi kutoka Manyema, alikuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na yule yule aliyeaminiwa kuzitunza. Na lau angalizikuta salama, kuja kwa Stanley siku chache baadaye kungalikuwa ziara ya mgeni kwa mgeni, si uokozi wa kutangazwa dunia nzima, na sijui leo watalii wangefuata nini Ujiji. Kigoma nako, meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, haikuja ikielea: ilifunguliwa vipande, ikatiwa makashani, ikapakiwa garimoshi, ikaungwa upya ufukweni, mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao, baada ya kuipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu, nayo ikaja kuopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mtu aliyelelewa karibu na chombo kama hicho atalaumiwaje akiitakidi kwamba kila kilichofungwa kina haki ya kufunguliwa?

Lakini fadhila yake kubwa ni elimu aitoayo bila ya ada. Mtu aliyepanda baiskeli miaka mingi akiamini kwamba gurudumu ni gurudumu, huikokota fremu yake yenye kilema hadi kwa fundi wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, akiwa na azma ya kununua lolote la duara. Fundi humtazama kwa huruma. “Shehe,” humwambia, “hii yako ni ya inchi 26. Nikikutilia la Phoenix, la 28, breki hazitaikuta rimu, na habu yake nyembamba itacheza humo ndani.” Hapo ndipo darasa linapofunguliwa: kwamba habu ya matundu 36 haikubali rimu ya matundu 32, kwamba kuna meno yanayokazwa kwa kuzungushwa juu ya habu na mengine yanayochomekwa, na moja halikai mahali pa jingine, kwamba gololi zilizokauka grisi huila habu kimyakimya. Mwanafunzi huyu hutumwa Ujiji kutafuta habu, huenda kwa miguu, akipishwa njiani na wachukuzi wa madumu ya mawese na magunia ya dagaa, ambao magurudumu yao yamelindwa na nati zilizoshikwa na kutu, mlinzi asiyelala wala kudai mshahara. Huamkiana na jamaa aliokuwa akiwapigia kengele tu. Na ikitokea akaliona gurudumu lake lenyewe limetundikwa kwa muuza vipuri, atalishika, atalizungusha, atahesabu meno yake, na kulipenda kwa mara ya kwanza, maana sasa analijua.

Hata hivyo, asifuye kwa insafu hana budi kutaja upungufu. Bwana huyu huuacha mnyororo ukining'inia, nayo si takrima. Mnyororo mkongwe umekwisha kurefuka pamoja na meno yake ya zamani. Ukiuvika meno mapya, huruka kila unapokanyaga kwa nguvu kuupanda mlima utokao ziwani, na mwenye mali, aliyedhani gharama zake zimekoma, hurudi tena kwa fundi. Vipande 24 vya mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili. Vikizidi kwa thumni ya inchi, huo haufai tena. Namsihi basi, kwa taadhima yote anayostahiki, siku nyingine achukue na mnyororo.