Fundi ni Wewe: Kubadili Oili ya IST Uani Kwako

Lengo la kufanya kazi hii mwenyewe ni kubana matumizi, kwa hiyo anza kwa kununua vifaa: stendi mbili za kuegemezea gari, seti ya spana, beseni na glovu. Ukipiga hesabu utaona fedha hiyo ingemlipa fundi mpaka gari liuzwe. Risiti zichane.

Chagua Jumapili asubuhi, mtaa mzima ukiwa nyumbani. Ungurumisha gari kidogo ili oili ipate moto ishuke vizuri, kisha zima injini. Washauri watafika wenyewe.

“Baba Zawadi, hiyo jeki umeiweka siko.”

“Niiweke wapi, mzee wangu?”

“Mimi sijui, ila hapo siko.”

Usimbishie, huenda ana haki. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Ukiingia uvunguni gari likiwa limebebwa na hiyo peke yake, unaweza kukata gharama zote za maisha kwa mpigo.

Sasa tafuta kizibo cha oili, bolti ya spana namba 14. Hapa ndipo wanaume wanapopotelea. IST ni otomatiki, na giaboksi nalo lina kizibo chake, jirani tu. Kikishuka kimiminika chekundu badala ya cheusi, kaza uso, watu wanakutazama. Subiri kiishe, funga, kisha jaza oili mpya ya injini juu ya ile ya zamani ambayo hukuigusa. Injini itakuwa na zaidi ya lita 7, giaboksi halina kitu. Gari litanguruma bila kwenda mbele wala nyuma, na safari zako za petroli zitakoma kabisa. Ulitaka kubana matumizi, si ndiyo?

Ukibahatika kupata kizibo chenyewe, geukia filta. Haitafunguka. Watakushauri uitoboe kwa bisibisi uizungushie hapo. Oili ya moto itateremka mpaka kwapani. Filta ikitoka, kagua kama mpira wake wa zamani umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, oili yote utaiacha barabarani.

Kujaza ni rahisi: injini ya IST ya aina ya 1NZ hunywa lita 3.7 pamoja na filta, na galoni lina lita 4. Kile kinachobaki kitakutesa rohoni, maana umekilipia. Kiache! Oili ikizidi, krenki huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Jirani anayepaua ataiomba apake mbao za kenchi zisiliwe na mchwa. Mpe. Akiuliza mbona nyekundu, mwambie ni ya Kijapani.