Mwizi Naye Apange Foleni

Novemba 2013, Seneta John Cornyn alimuuliza Waziri wa Afya wa Marekani, Kathleen Sebelius: je, aliyewahi kutiwa hatiani kwa jinai anaweza kuwa mwelekezaji wa wateja katika soko la bima ya afya, akazishika siri za wananchi? Waziri akakiri: yawezekana. Serikali kuu haikudai rekodi za polisi.

Mayowe yakapigwa. Jamani, tusimwonee mwizi! Tovuti yenyewe ya soko hilo, iliyozinduliwa Oktoba 1 mwaka huo, siku ya kwanza iliandikisha watu sita tu. Kibaka gani ana subira hiyo? Mlinzi tunataka apekuliwe hadi soksi. Fundi aliyetundika mlango usiofunguka, yeye alipekuliwa na nani?