Farasi 280 Nyuma ya Lori

Jirani yangu hapa Mraru anauza Subaru Impreza WRX yake ya zamani, ile inayonguruma alfajiri kabla jogoo hajapata zamu yake. Anataka Subaru Forester iliyotumika ya 2013 hadi 2018, kutoka Japani, na swali linamnyima usingizi: ya turbo au isiyo na turbo?

Zote mbili ni lita 2.0. Ya turbo ina nguvu ya farasi 280, nyingine 148. Nilimuuliza hao farasi 132 wa ziada watalishwa nini kwa bei ya petroli ya leo. Akaniambia, "Mzee, wewe hujui raha ya barabara." Kweli sijui. Ninayoijua ni ya kwenda Voi mjini: tuta, lori, tuta, na jioni pengine ndovu wa Tsavo ambaye hapishi mtu.

Tena kuna jambo fundi wake hajamwambia. Mngurumo ule wa WRX ya zamani hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Kwenye Forester hiyo ya turbo mpangilio huo ulibadilishwa. Atalipia farasi wote 280, halafu gari liondoke kimya kama matatu ya umeme!

Juzi nilimwona na hiyo WRX, nyuma ya lori la saruji, wanatambaa. Jirani, chukua ya turbo. Ila nipe lifti. Nyuma ya lori tutapata muda wa kuongea.